Wifi yangu, kilo 4.2 ni za kwenye karatasi

Wifi yangu mpendwa,

Picha ya karatasi ya ultrasaundi uliyonitumia jana saa nne usiku nimeikuza kwenye simu mpaka namba zikafifia. Wiki 38 na siku 2. Uzito wa kukadiria, kilo 4.2. Pembeni, kwa kalamu ya bluu, daktari kaandika njia mbili na alama ya kuuliza: kuanzishiwa uchungu, au upasuaji? Halafu ujumbe wako: "Wifi, Jumatatu wanataka jibu, nisaidie." Nashukuru umeniruhusu nikujibu hadharani. Tangu mwaka huu uanze wewe ni wa tatu kuniuliza jambo hili, na wote watatu mmeniuliza usiku.

Najua nyumbani hapatulii. Kaka yangu, mumeo, anasema upasuaji, tumalize. Mama anasema alizaa sita kwa njia ya kawaida, na huyo wa sita, mumeo, ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote. Wote wanakupenda. Lakini leba utaingia wewe, na mshono ukiwepo utaubeba wewe.

Nianze na hiyo namba, maana ndiyo iliyokukosesha usingizi. Mashine haijampima mtoto kwenye mizani. Imepima kichwa, mzunguko wa tumbo na urefu wa mfupa wa paja, kisha ikapiga hesabu. Hesabu hiyo hukosea kwa asilimia 10 hadi 15, juu au chini, na kwa watoto wakubwa ndiko inakoyumba zaidi. Kwa hiyo 4.2 yako inaweza kuwa 3.6, inaweza kuwa 4.8. Usiamue kana kwamba umeshamshika mkononi.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukusimulia sawasawa: jinsi alivyozaliwa mkubwa wangu.

Kliniki hakuna aliyetaja ukubwa. Walisema mtoto wa wastani. Kichwa kilitoka vizuri, nikamsikia mkunga anasema "bado kidogo, mama", halafu kichwa kikarudi nyuma kama cha kobe na kubaki pale pale, mashavu yamebanwa. Sauti ya mkunga ikabadilika. Akamwita mwenzake mara moja tu. Wakanishika miguu, mmoja huku mwingine huku, wakaikunja mpaka magoti yakanigusa kifuani, na wa tatu akaweka viganja juu ya kinena akawa anakandamiza kuelekea chini. Mkunga mkubwa alikuwa akirudia neno moja: "Usivute. Usivute." Mbele yangu kulikuwa na saa ya ukutani, mshale wa sekunde ulizunguka mara mbili na ukaanza ya tatu. Akatoka wa bluu, kimya, ndipo akalia. Kilo 3.9. Mkono wake wa kulia ulilala ubavuni kama si wake kwa wiki tano. Leo ana miaka kumi na moja na anaandika kwa mkono huo huo.

Hilo ndilo linalowaogopesha madaktari wakiona 4.2: bega kukwama nyuma ya mfupa wa kinena wakati kichwa kimeshatoka. Kweli, mtoto anavyozidi kuwa mkubwa ndivyo hatari inavyopanda, na mama mwenye kisukari hatari yake ni kubwa zaidi, maana watoto wao hunenepa mabega na kifua kuliko kichwa. Lakini karibu nusu ya mabega yanayokwama ni ya watoto wasiofika kilo 4, kama wangu. Aliyeniokolea mwanangu ni wale watu watatu waliojua cha kufanya. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwako ni hili: usiku wa manane, hospitali uliyochagua, leba kunakuwa na nani?

Ujauzito wangu wa pili wakaniambia kilo 4.4, upasuaji, saini hapa. Nikasaini nikiwa nimesimama. Mtoto alikuwa na kilo 3.6. Siwalaumu kwa uamuzi, kwa historia yangu huenda ulikuwa sahihi. Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyekaa nami hata dakika kumi kunieleza kuwa kovu lile litaamua pia uzazi wa tatu: nizae wapi, nisianzishiwe uchungu kwa vidonge, kondo la nyuma likijishika kwenye kovu itakuwaje. Kila upasuaji unaoongezeka, hatari hiyo inaongezeka nayo. Wewe unaniambia unataka watoto wanne. Mwambie daktari hivyo hivyo, wanne, kabla hamjaongea lolote lingine.

Uskoti kuna mama anayeitwa Nadine Montgomery. Alikuwa mfupi, ana kisukari, na mwaka 1999 alimwambia daktari wake kuwa anaogopa ukubwa wa mtoto. Daktari alijua kuwa kwa mwanamke kama yeye uwezekano wa bega kukwama ni asilimia 9 hadi 10. Hakumwambia, akihofia kwamba wakiambiwa, wanawake watachagua upasuaji. Bega likakwama dakika 12, mwanawe akapata mtindio wa ubongo. Mama huyo alipigana mahakamani miaka na miaka, na mwezi Machi 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikampa haki: mgonjwa lazima aelezwe hatari ambayo mtu aliye katika hali yake angeiona ni nzito, na aelezwe njia nyingine zilizopo. Akalipwa pauni milioni 5.25. Niliposoma habari zake nililia, kwa sababu swali lake lilikuwa kama lako.

Sasa upime. Upasuaji wa kupangwa, mchana, umechomwa ganzi ya mgongo, unamwondolea mtoto karibu hatari yote ya bega. Hilo ni la kweli. Lakini mwaka 1996 watafiti wa Marekani walipiga hesabu wakaona kwamba, kwa mama asiye na kisukari ambaye mtoto wake anakadiriwa kilo 4.5 na kuendelea, ingebidi wapasuliwe wanawake 3,695 ili kumkinga mtoto mmoja na ulemavu wa kudumu wa mkono. Kwa wenye kisukari, 443. Ndiyo maana madaktari wa uzazi wa Marekani huanza kuzungumzia upasuaji kwenye kilo 5, au 4.5 kwa mwenye kisukari. Wewe sukari yako imepimwa, iko sawa, na karatasi inasema 4.2. Upasuaji na wenyewe huku kwetu una uzito wake: utafiti wa nchi 22 za Afrika uliotoka 2019 ulikuta akina mama wapatao 5 katika kila 1,000 wakifariki baada yake. Usiogope kupita kiasi, zaidi ya robo tatu za upasuaji ule zilikuwa za dharura. Jambo la kushika hapo ni kwamba upasuaji wa dharura usiku, hospitali isiyo na damu ya akiba, ndio wa kuukwepa kwa kila hali.

Kuanzishiwa uchungu nako kusikie vizuri, maana watu husema kama vile ni sindano moja na mtoto huyo hapo. Ni vidonge vidogo vya kulainisha mlango wa kizazi, au puto linalowekwa humo na kujazwa maji, halafu dripu ya uchungu. Kwa mimba ya kwanza kama yako inaweza kuchukua siku nzima, hata mbili. Pasipo mashine ya dripu, nesi ndiye anayehesabu matone. Matone yakizidi, kizazi kinabana bila kupumzika na mtoto anachoka. Lazima mapigo ya moyo wake yasikilizwe angalau kila nusu saa. Na ile dawa ya mizizi ambayo Mama atakuletea kwenye chupa ya maji, ipokee kwa heshima, usiinywe. Ikikutana na vidonge vya hospitali, kizazi kinaweza kuchanika.

Inasaidia? Kidogo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 lilisema kudhani tu kwamba mtoto ni mkubwa si sababu ya kuanzisha uchungu. Uingereza wakawafuatilia wanawake 2,893, matokeo yakatoka 2025: walioanzishiwa mapema wiki ya 38, bega lilikwama kwa 2.3 kati ya 100. Wale waliofuata utaratibu wa kawaida, 3.1. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba huwezi kuapa kuwa si bahati.

Na umeona kuna njia ya tatu ambayo haikuandikwa kwenye karatasi? Kusubiri. Uchungu uje wenyewe, ukijua kwamba mtoto naye anaendelea kukua. Iulizie.

Umeniuliza mimi ningefanyaje. Si daktari, ila sitakukimbia. Kwa sukari iliyo sawa, 4.2, na mimba ya kwanza, ningesubiri hadi wiki ya 39, kisha ningekubali kuanzishiwa, lakini hospitali ya rufaa ambako thieta, chumba cha upasuaji, inafanya kazi usiku, damu ipo, na wakunga hawapungui wawili. Wakikwambia usiku daktari wa ganzi anaitwa kutoka nyumbani na hujui atafika saa ngapi, basi nageuka: ningechagua upasuaji wa kupangwa, mchana, na ningeomba usubiri wiki ya 39 ili mapafu ya mtoto yakomae. Ukichagua upasuaji kwa sababu tu roho yako haitulii ukiiwazia leba, hiyo pia ni sababu, nami nitakutetea mbele ya Mama.

Kaka nimeshaongea naye. Jumatatu ataingia nawe kwa daktari na atanyamaza mpaka umalize maswali yako. Mama nitamshika mwenyewe, na kama ni upasuaji, yale maji ya moto ya kukukanda tumbo yatabaki jikoni.

Nimekata tiketi ya basi la Jumapili asubuhi. Nakuja na kanga mbili zilizofuliwa, laini, na unga wa uji. Jioni tukae tuyaandike maswali nyuma ya kadi yako ya kliniki, kwa mwandiko wako.

Wifi yako