Taka hutupwa njiani kwa sababu dampo liko mbali

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu taka zinazotupwa ovyo katika maeneo ya wazi ya Dar es Salaam, hasa kandokando ya Mto Msimbazi na vijito vyake, kwenye hifadhi za barabara na katika viwanja ambavyo wenyewe hawajaviendeleza. Kila mjadala juu ya jambo hili unapozuka, lawama huishia kwa mwananchi asiye na ustaarabu, na dawa inayopendekezwa huwa semina, vibao na faini. Naona lawama hizo haziligusi tatizo lenyewe. Abiria anayetupa ganda la chungwa dirishani mwa daladala ana lake la kujibu, lakini si yeye anayejaza makorongo. Malundo tunayoyaona yanatokana na mizigo iliyobebwa kwa guta, yaani baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, kwa mkokoteni na kwa lori, na kila mzigo wa namna hiyo ulikuwa na mwenyewe, ulikuwa na mbebaji aliyelipwa ujira, na ulistahili kuwa na mahali pa kufikia.

Mahali hapo ndipo penye kasoro. Dampo kuu tunalolitegemea liko Pugu Kinyamwezi, takriban kilomita 30 kutoka katikati ya jiji, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa huu watu 5,383,728. Lori linalozoa taka Bunju au Tegeta hulazimika kuuvuka mji mzima kabla ya kumwaga mzigo wake, likipambana na foleni na kuchoma mafuta, huku maji machafu yakidondoka barabarani. Hilo ni lori. Kijana wa guta, ambaye ndiye anayeingia katika vichochoro vya Manzese, Tandale na Vingunguti ambako lori halipiti, hupewa shilingi 1,000 au 2,000 aondoe viroba vya nyumba moja, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayetarajia kwamba ataukanyaga mzigo huo hadi Pugu. Anayempa fedha anajua kwamba taka hazitafika huko, na jirani anayemtazama akipita anajua pia. Tunachomlipa, kwa maneno mengine, ni kuziondoa taka mbele ya macho yetu, kisha usiku ukiingia zinakutwa mtoni au nyuma ya ukuta wa shule, na asubuhi yake sote tunauliza ni nani kazitupa.

Umbali huu una historia ambayo vijana wengi hawaijui. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walilishtaki Jiji katika Mahakama Kuu kwa kulifanya eneo lao la makazi kuwa jalala, lenye moshi, harufu na nzi, nao walishinda. Jiji liliporudi mahakamani kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga taka palepale, Jaji Lugakingira alilikatalia, akaitaja ibara ya 14 ya Katiba inayolinda haki ya kuishi, na akashangaa kwamba mamlaka ya umma inaweza kusimama mbele ya mahakama na kuomba, kwa kujiamini kabisa, ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991 wakapata haki yao. Baadaye zikapelekwa Vingunguti, kisha Mtoni, na hatimaye Pugu. Hukumu zile zilikuwa za haki, na sina shaka kwamba kila mtaa ulioondokewa na dampo ulipumua. Hata hivyo, kila dampo lilipofungwa tulisogeza mwisho wa safari bila kujenga vituo vya katikati, na kila kilomita iliyoongezeka ilimwongezea mbebaji sababu ya kuishia njiani.

Anayetilia shaka maelezo haya na achunguze lundo lolote lililotupwa ovyo, aone kilichomo na kisichokuwamo. Chupa za maji hazidumu humo, wala vyuma chakavu, kwa sababu waokota chupa hupita alfajiri na kuviuza kwa kilo. Kinachobaki ni kile kisicho na mnunuzi: pampasi, vifuu vya madafu, maganda ya ndizi na mihogo, majani ya uani, na kifusi cha nyumba zinazobomolewa. Chupa ya plastiki inatembea kutoka Buguruni hadi kiwandani bila semina yoyote, kwa kuwa iko njia ya kuifikisha huko na yuko mtu anayelipa mwisho wa njia hiyo. Sioni sababu ya kuamini kwamba mwananchi yuleyule ana ustaarabu anaposhika chupa na anaupoteza anaposhika pampasi.

Kifusi kinahitaji maneno yake, maana ndicho kinachofanya madhara makubwa na ndicho kinachozungumzwa kidogo. Nyumba za zamani za Kariakoo, Ilala na Magomeni zinabomolewa kila siku ili kupisha maghorofa, na matofali, zege na vigae vyake hupakiwa kwenye tipa saa saba au saa nane usiku. Baadhi ya mizigo hiyo humwagwa kando ya barabara tu. Mingine ina mnunuzi, na hapa ndipo jambo linapokuwa gumu, kwa sababu mwenye kiwanja bondeni yuko tayari kulipa ili apelekewe kifusi, hata kikiwa kimechanganyika na taka za jikoni, ainue uwanja wake juu ya maji. Aliyebomoa amepona gharama ya kwenda mbali, dereva amelipwa mara mbili, na mwenye kiwanja amepata ardhi. Mto ndio unaobanwa, na mvua za masika zikija maji hutafuta nyumba ya mwingine. Sisemi kwamba mafuriko ya Jangwani na Kigogo yanatokana na kifusi peke yake. Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu na bonde lake limejengwa kupita kiasi. Lakini fedha nyingi za umma zinapotumika kulirekebisha bonde hilo huku tipa zikilijaza usiku, tunazitupa fedha hizo pamoja na kifusi.

Faini haijawafikia watu hawa. Kibao cha "Usitupe taka hapa, faini 50,000" kimesimama katika mitaa mingi, na mara nyingi lundo liko miguuni pake. Mgambo hukamata mchana, na anayekamatika mchana ni mama lishe aliyemwaga maji ya vyombo, au mpita njia aliyedondosha karatasi. Mwenye jengo aliyezalisha tani kumi za kifusi haulizwi chochote, na kama dereva wake akikamatwa kwa bahati mbaya, faini ya kiwango hicho ni ndogo kuliko mafuta ya kwenda Pugu na kurudi. Mtu anayejua hesabu atailipa huku akitabasamu.

Siku za usafi nazo zina mpaka wake. Tarehe 9 Desemba 2015, Rais Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru na badala yake akashika taka kwa mikono yake pale Feri, nchi nzima ilitoka na mafagio, na ulifuata utaratibu wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wakati ule kipindupindu kilikuwa kimeshazuka jijini tangu Agosti, kwa hiyo haikuwa mbwembwe. Kilichofuata katika mitaa mingi ni kwamba wananchi walizibua mitaro, wakarundika tope na taka ukingoni, wakarudi nyumbani, na gari la kuzoa halikufika. Mvua ya kwanza ikarudisha kila kitu mtaroni. Nguvu za wananchi zilikuwapo, na bado zipo. Hazikukutana na lori.

Tunao mfano wetu wenyewe unaoonyesha kwamba kubana chanzo kunawezekana. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na ingawa vifungashio vingine vimejipenyeza, ile mifuko myeusi iliyokuwa ikining'inia kwenye michongoma kila kona imepungua kwa kiwango ambacho kila mtu anakiona. Haikuondoka kwa sababu wachuuzi walihubiriwa. Iliondoka kwa sababu anayetengeneza, anayeingiza, anayeuza na anayetumia wote waliguswa na sheria moja.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 tayari inazipa serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu, kwa hiyo sidhani kwamba tunahitaji kusubiri Bunge. Kwa upande wa kifusi, halmashauri ndiyo inayotoa kibali cha kubomoa na kujenga. Itoze amana inayolingana na ukubwa wa jengo, na mwenye jengo arudishiwe fedha zake atakapoleta risiti za mahali palipopokea mizigo yake. Asiyeleta risiti apoteze amana, bila polisi kukesha mtoni. Sambamba na hilo, mwenye kiwanja bondeni anayekutwa amefukia ahesabiwe kuwa mtupaji sawasawa na dereva, maana bila yeye safari nyingi za usiku zisingekuwapo.

Kwa taka za majumbani, jibu ni vizimba vidogo vya kupokelea, vilivyo karibu kiasi cha guta kuvifikia mara kadhaa kwa siku, na vinavyompokea kijana wa guta kama mtoa huduma aliyesajiliwa badala ya kumkimbiza. Najua pingamizi litakalotolewa: hakuna anayetaka kizimba mlangoni pake, na wakazi wana haki ya kuogopa, kwa sababu vizimba vingi vilivyowahi kuwekwa viligeuka madampo. Viligeuka kwa kuwa vilizolewa mara moja kwa wiki au pale gari lilipokuwa zima. Kizimba kinachoondolewa mzigo kila siku kabla ya jua kuwa kali hakizidi kero ya genge la samaki, na mtaa unaokipokea unastahili kupunguziwa ada ya taka kwa usumbufu huo. Kwa kuwa zaidi ya nusu ya taka za jiji hili ni mabaki ya vyakula na majani, masoko kama Mabibo, Buguruni na Tandika yangetenganisha mabaki hayo palepale sokoni yapelekwe kutengenezwa mboji, kama inavyofanyika Mabwepande, na malori ya Pugu yangebaki na mzigo mdogo zaidi.

Wapo watakaosema kwamba Moshi ni safi kwa sababu ya tabia za watu wake. Tabia hizo nazipongeza, lakini Moshi pia ni mji mdogo ambako gari la taka hufika na mwenye duka anajua litapita lini, na tabia njema hukua haraka pale utaratibu unapotabirika. Mchaga huyohuyo akihamia Kimara akakaa wiki tatu bila kuliona gari, sina hakika kama viroba vyake vitaendelea kukaa uani.

Kwa hiyo ombi langu kwa halmashauri zote tano za mkoa huu ni kwamba, kabla mvua za vuli hazijaanza, zitangaze kupitia magazeti na ofisi za serikali za mitaa mambo mawili: orodha ya mahali ambapo mbebaji wa guta anaruhusiwa kushusha mzigo katika kila kata, pamoja na saa ambazo mzigo huo utaondolewa, na orodha ya majengo yaliyopewa kibali cha kubomolewa mwaka huu, pamoja na mahali ambapo kifusi cha kila moja kilipelekwa. Orodha ya kwanza ikiwa na kata zisizo na mahali hata pamoja, tutajua pa kuanzia kujenga. Na ya pili ikiwa na nafasi tupu, wenyeviti wa mitaa ya bondeni wanaweza kusaidia kuzijaza.

Mkazi wa Dar es Salaam