Shukrani kwa dada muuguzi wa Likoni

Dada, jina lako hatulijui. Mungu akujaze kheri. Mtoto wa miaka miwili, kikohozi wiki tatu, ameshapewa dawa za nimonia, kisha za pumu. Wewe ulimvua shati, ukahesabu pumzi dakika nzima: 48, na umri huo 40 tayari ni nyingi. Ukasikiliza pande zote mbili. Mluzi ulikuwa kulia tu! Ukauliza, "Alipaliwa lini?" Kumbe njugu ilikuwa imeingia njia ya hewa. Eksirei haiionyeshi njugu yenyewe. Huweza kuonyesha pafu lililofura, maana hewa huingia lakini hushindwa kutoka. Mafuta ya njugu nayo huwasha njia ya hewa, ndipo kikohozi hakisikii dawa. Rufaa ukaiandika papo hapo, na njugu ikatolewa kwa bronkoskopi, yaani mrija wenye taa unaopitishwa hadi ndani ya njia ya hewa, mtoto akiwa amelazwa usingizi.