Ngazi nazo zinabagua

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita nilimsindikiza dada yangu kwenye ofisi moja ya umma hapa Dodoma. Anatumia kiti mwendo. Alikuwa anafuatilia mkopo wa kikundi chao, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Dawati la mikopo hiyo liko ghorofani. Lifti hakuna.

Mlinzi, kijana mwenye adabu zake, akaita wenzake wambebe. Dada akakataa. Mara ya mwisho alipobebwa, sketi ilimpanda mapajani mbele ya foleni nzima. Basi ofisa akashuka, akaanza kumhoji palepale mapokezi: marejesho yamefikia wapi, nani hajalipa. Watu wote wanasikia. Hakuna aliyemtukana, na bado tulirudi Nkuhungu bila yeye kutamka neno.

Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtu kubaguliwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka majengo ya huduma kwa umma yafikike. Shida ni kwamba tunasubiri mtu aumie, alalamike, ndipo tutafute mkosaji. Dada yangu atamshitaki nani? Mlinzi? Na wakili atamlipa kwa fedha gani?

Mwaka huohuo wa 2010 Uingereza ilipitisha sheria yake ya usawa. Kifungu cha 149 kinaibana mamlaka ya umma ipime mapema, kabla haijaamua, uamuzi wake utawagusaje wenye ulemavu, wazee, wanawake, watu wa rangi au dini tofauti. Wajibu huo ulianzia kwenye ubaguzi wa rangi, baada ya uchunguzi wa mauaji ya kijana mweusi wa London, Stephen Lawrence, kuonyesha, mwaka 1999, kwamba taasisi kama polisi inaweza kubagua hata pale watumishi wake wasipokusudia. Haiwahakikishii watu matokeo, hilo nakiri. Lakini ofisi ikipelekwa mahakamani lazima ionyeshe kwamba ilifikiri kabla ya kuamua.

Hicho ndicho ninachokitaka hapa, na wakati ni huu ambapo Dodoma inajengwa, Mtumba na kwingineko. Kabla huduma haijapelekwa ghorofani, ofisi iandike nani atashindwa kuifikia na itamsaidiaje, kisha ibandike maandishi hayo kwenye ubao wa matangazo tuyasome.

Kwa ofisi ile, hata sheria mpya haihitajiki. Pembeni ya mapokezi kuna chumba kimejaa viti vibovu na maboksi ya karatasi. Wakisafishe, dawati la mikopo lishuke humo.

Msomaji wako,
Nkuhungu, Dodoma