Kurekodi sauti za katuni Jumamosi, Bagamoyo

Asalaam aleikum na habari za jioni, wanakikundi.

Jumamosi tunaanza saa 2 kamili asubuhi, kabla upepo wa bahari haujaanza kugongesha mabati. Adhana ya adhuhuri ikikaribia tunasimama, tutaendelea baada ya swala.

Sungura na Kobe watatangulia, wote wawili pamoja, maana utani wao ni wa kudakizana; mkirekodiwa mbalimbali unapoa. Fisi atakuwa wa mwisho. Ana vicheko na mayowe mengi, na koo likishakwaruza, mstari wa kunong'ona hautoki tena safi. Kila mstari tutausoma mara 3, kila mara kwa hisia tofauti. Midomo itachorwa kufuata sauti zenu, kwa hiyo msikimbize maneno.

Kaa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki, uielekee kwa upande kidogo. Ukiielekea moja kwa moja, pumzi ya "p" na "b" inagonga maiki, na kishindo hicho ni kazi kukiondoa baadaye. Ukipaza sauti, rudi hatua moja nyuma, usigeuze kichwa.

Njooni mmekula: tumbo tupu linanguruma na maiki inasikia yote. Maji yasiwe ya baridi. Bangili, funguo na kanzu yenye wanga viacheni nyumbani. Simu zizimwe kabisa. Feni nayo itazimwa (ndiyo, joto lote lile), leteni leso za jasho.

Kobe, ukurasa wa 4 umebadilika, nimekutumia upya.