Mwanangu, bado mfuko mmoja

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Bakari,

Assalaam aleikum. Ama baad, sisi huku hatujambo. Goti la mama yako limetulia kidogo tangu mvua zikatike, na dada yako ameshahamia Chumbageni na vyombo vyake vyote. Jibu nimelichelewesha wiki tatu. Sitasingizia kazi. Ni ile picha uliyotuma.

Nilikuwa barazani kwenye cherehani simu ilipolia, nikaifungua huku mzee jirani amenikaa ubavuni. Nikakuona umesimama kwenye mtaa wa Glasgow, fulana nyeusi, buti za kazi, soksi zimekunjwa vizuri, na kati ya fulana na soksi... Nikaizima. Mzee akauliza, "Nani huyo?" Nikamwambia tangazo tu. Mungu anisamehe, mtoto wa kumzaa nimemwita tangazo.

Siku ya kwanza nilikasirika. Ya pili vilevile, na chai sikunywa. Ya tatu usiku nikaifungua tena peke yangu, nikaikuza kwa vidole viwili kama alivyonifundisha mpwa wako, na jicho likaenda lilikozoea kwenda, kwenye mshono. Bakari, nani amekushonea ule mfuko? Mdomo wake umefumuka upande wa kulia, simu inaning'inia mbele ya paja, na nguo nzima imevutwa imekaa mshazari. Hasira ya baba ikaishia hapo, ikaanza ya fundi, na hiyo ndiyo iliyonikalisha kwenye cherehani.

Neno lenyewe bado mkono unakataa kuliandika. Wewe unasema sketi bila kupepesa. Mama yako anasema "lile vazi". Lakini nikiwa mkweli, nguo ya kuzunguka kiuno si ngeni kwa mwanamume wa kwetu. Babu yako alivaa msuli nyumbani mpaka siku anafariki, na hakuna aliyemwuliza kitu. Wewe mwenyewe ulipotoka jandoni ulishinda kwenye msuli wa kijani wiki mbili, umeushika kwa mbele usikuguse, ukiona suruali unalia. Kwa hiyo ulichoandika, kwamba unapiga magoti na kuinuka siku nzima chini ya makabati ya watu na suruali inakubana, nimekielewa. Kinachonitatiza mimi ni kwamba umetoka nayo kwenda kazini.

Basi tuseme ya kazini. Kasoro ya msuli, kama ungeniuliza kabla, ni mfuko. Mwaka 1978 nilivuka Pangani kwenda Bweni kumletea marehemu mjomba wako uzi na sindano za cherehani. Nilikuwa nimefutika noti mbili za shilingi ishirini kiunoni, ndani ya lile kunjo ambalo wazee waliapa halifunguki. Pantoni ilipogusa ng'ambo nikaruka, ujana tu, kulikuwa na watu wa kunitazama. Msuli ukalegea kidogo, si wa kuaibisha, nikaukaza. Noti moja nikaiona inaelea inakwenda zake baharini. Ya pili hata kuiona sikuiona. Tangu siku ile kila msuli wangu una kimfuko cha ndani upande wa kushoto, na mama yako hajaacha kunicheka. Yeye pesa zake zimo kwenye fundo la pindo la kanga, hazijapotea hata siku moja, ila kuzitoa mbele ya kondakta ni shughuli ya dakika tatu.

Huko uliko wenzako wamehangaika na jambo hilihili. Kilti, vazi la kiume la Kiskoti la kuzunguka kiuno, inaweza kula yadi 8 za sufu, marinda yote nyuma, mbele imetandazwa wazi, na kwa asili yake haina mfuko. Si kwamba walisahau. Ukiweka mfuko kwenye marinda unaharibu marinda. Ndiyo maana wanafunga ule mkoba wa ngozi mbele, sporran, unaobeba wenyewe kilichotakiwa kubebwa na nguo. Mpwa wako amenionyesha na wanaume wa Fiji, wanaokwenda ofisini na nguo ya aina hiyo wakiwa na shati na tai. Inaitwa sulu vakataga, na maana yake, Bakari, ni sulu yenye mifuko. Yaani jina zima la vazi la heshima limetajwa kwa mfuko! Nilifurahi kama niliyekutana na ndugu.

Sasa sikiliza nilivyofanya. Nimenunua jinzi mbili za mtumba, za kiume, kiuno 34, zile nzito zisizovutika. Za kuvutika achana nazo, mfuko ukijaa zinalegea na hazirudi. Moja nimefumua mishono ya ndani ya miguu mpaka chini ya zipu. Ya pili nimeikata vipande vya pembe tatu nikavitia mbele na nyuma kuziba pengo. Huku juu imebaki jinzi kamili, zipu yake, lupu zake za mkanda, na mifuko yake mitano ya asili pamoja na kile kidogo kilichowekwa zamani kwa ajili ya saa ya mnyororo. Urefu mpaka gotini. Nyuma nimeacha mpasuo wa sentimita 18, maana bila mpasuo hatua yako itakuwa ya bibi harusi, na ngazi hutaipanda. Na ukipanda ngazi vaa kaptula ndani. Hilo sikuombi, nakuamuru.

Aliyekushonea ile ya kwanza alikosea hapa. Kwenye suruali mfuko umebanwa kati ya paja na kitambaa, hauna pa kwenda. Ukishafungua miguu ukapata upana, mfuko uleule unabaki unabembea, na kila hatua simu inakugonga. Watu wengi wakiliona hilo wanaufupisha mfuko. Ukifupisha, ukiinama kila kitu kinamwagika. Mimi nimefumua mifuko ya mbele nikairefushia kwa marudufu, nikaipeleka ukingoni mpaka kwenye mshono wa zipu, na juu nikaishika kwenye mkanda wa kiunoni, ili uzito ubebwe na kiuno badala ya kuning'inizwa kwenye mshono wa ubavu. Nimejaribu kwa kutia kilo moja ya sukari kila upande na kutembea nayo uani usiku. Naam, niliivaa. Mama yako alikuwa amelala, au alijifanya.

Mifuko ya nyuma ni ya leso na karatasi tu. Ukikaa na nguo ya aina hii lazima ukusanye kitambaa kwa nyuma kwa mkono, mchukulie mama yako mfano, na siku utakayosahau utakalia funguo. Wa sita nimeubandika nje, juu ya paja la kulia, una vyumba viwili, kimoja cha futi kamba, kimoja chembamba cha penseli na bisibisi ndogo. Kona zake nimezipiga ribiti za shaba, vile vipini vya chuma vya kubana kitambaa, nilizopewa na fundi mikoba wa barabara ya pili kutoka hapa.

Hizo ribiti zina kisa chake, na mwenye kisa ni fundi cherehani kama mimi. Jacob Davis, mzaliwa wa Riga, alikuwa akishona mjini Reno, Nevada. Mwanamke mmoja akaja kumwagizia suruali ya mumewe, mkata kuni mkubwa wa mwili, ambaye kila suruali aliichana. Davis alikuwa na ribiti za shaba mezani, za kufungia mikanda ya matandiko ya farasi, akazipiga kwenye kona za mifuko. Watu wakaanza kupanga foleni. Pesa za kulipia hataza, ile haki ya kisheria ya mbunifu, hakuwa nazo, akamwandikia muuza vitambaa wake wa San Francisco, Levi Strauss, washirikiane. Hataza wakaipata tarehe 20 Mei 1873, namba 139,121, na hiyo hataza haikuhusu suruali. Ilihusu namna ya kuimarisha midomo ya mifuko. Jinzi zote unazoziona duniani zimeanzia kwenye kona ya mfuko iliyokuwa ikichanika. Mtu akikuambia jinzi ni nguo ya miguu miwili, mwambie baba yako amekataa.

Nikifika hapa kwenye mifuko kuna jambo limeniuma, na sina wa kumwambia ila wewe. Dada yako alipoingia kidato cha kwanza aliniomba nimtilie mifuko miwili kwenye sketi ya shule. Nikamwambia sketi haina mfuko, msichana ana mkoba. Ukweli ni kwamba mfuko unakula kitambaa na unakula muda, na nilikuwa na sketi sitini za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa. Akawa anaweka nauli kwenye soksi, miaka minne. Wewe umetuma picha moja tu, na kabla sijalikubali hata hilo vazi nimeshakupangia mifuko sita.

Juma lililopita alikuja, akaikuta imetandikwa mezani. Akaanza kuihesabu kwa kidole, mmoja mpaka sita, akaingiza mkono ndani ya ule wa kushoto mpaka kifundoni. Akanyamaza. Kisha akasema, "Baba, kumbe inawezekana." Nikajifanya natafuta chaki. Yeye ndiye aliyenisomea kuwa mwaka 2018 wale wa The Pudding, jarida la mtandaoni la huko Marekani, walipima jinzi za kampuni 20, wakakuta mifuko ya mbele ya wanawake ni mifupi kwa asilimia 48 kuliko ya wanaume. Asilimia 48, Bakari, kwenye nguo iliyozaliwa kwa sababu ya mfuko. Na mimi nina zile sitini zangu, na za mwaka uliofuata, na uliofuata. Ameacha sketi zake nne hapa kwenye kiti. Nimezianza jana, ndiyo maana yako inasubiri kidogo.

Ukija likizo shuka uwanja wa ndege na suruali. Siwaogopi watu, lakini shangazi zako watatu watakuja kukupokea na nataka siku ya kwanza tuzungumze habari za safari. Ukishafika nyumbani kuna misuli kabatini, na yote ina kimfuko upande wa kushoto.

Ifue peke yake kabla ya kuivaa, rangi isije ikahamia kwenye makochi ya watu. Na unipimie simu yako kwa futi, urefu na upana pamoja na kava lake, uniandikie leo, maana mfuko wa kulia bado sijaufunga.

Ni mimi baba yako.