Mlichukua Pesa Yangu, Kisha Mkanikunjia Mshale

Kwa Meneja Mkuu,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

MINT: ODA YA MISHALE YA ALUMINI SAIZI YA 2018, NA MSHALE ULIOHARIBIWA KWENYE KAUNTA YENU

Nawasalimu kwa heshima. Namba ya oda, risiti na picha nimeambatisha, kwa hiyo sitarudia mambo ambayo tayari yako kwenye kompyuta zenu. Niliagiza dazeni moja ya mishale ya alumini, saizi ya 2018 (hiyo ni namba ya saizi, si mwaka), isiyotiwa manyoya, ile yenye mkia uliochongoka ambao noki, kile kipande chenye mwanya wa kushika upote, inagundishwa juu yake moja kwa moja. Tovuti yenu ilisema ipo. Pesa mkazikata siku hiyo hiyo. Kilichofika mlangoni kwangu ni mishale ya kaboni nyeusi, na kikaratasi kinachosema kwamba aina niliyoagiza imesitishwa na kwamba nimepewa bidhaa bora zaidi kwa bei ile ile.

Nani aliwaomba bora zaidi?

Sera yenu kuhusu kubadilisha bidhaa mnaijua kuliko mimi, nyinyi ndio mlioiandika. Sheria ya shirikisho la Marekani kuhusu bidhaa zinazoagizwa kwa posta, ambayo ipo tangu 1975, nayo mnaijua. Muuzaji akishindwa kutuma kitu kwa wakati, anatakiwa amuulize mnunuzi kama anakubali kungoja au anataka pesa zake. Mimi sikuulizwa lolote.

Hata hivyo sikuja dukani kwenu kugombana. Nilikuja kwa adabu, nimebeba mshale mmoja wa zamani kama sampuli, nikitumaini kwamba ghalani mmebakiwa na dazeni moja. Ulikuwa wa rangi ya chungwa, 2018 halisi, manyoya matatu ya bata mzinga, nembo yenu bado inasomeka ubavuni. Kijana wenu wa kaunta aliuchukua mkononi mwangu, akaulaza kwenye ukingo wa kaunta, akaukandamiza kwa kiganja mpaka ukakunjika. "Umeona?" akaniambia. "Ndiyo maana hatuuzi tena takataka hizi." Waliokuwa kwenye foleni wakacheka.

Mshale ule haukuwa wake wa kukunja. Ulikuwa wa mzee aliyenifundisha upinde hapa Michigan, jirani yangu, Mungu amrehemu, ambaye aliniachia podo lake likiwa na mishale yake yote ndani. Mimi ni Mkamba wa Kitui. Kwetu uta ni kitu cha heshima, na babu yangu alikuwa na wake, lakini Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mimi nilipopata akili ule uta ulikuwa unaning'inia ukutani tu, upote umelegea, hakuna wa kunionyesha namna ya kuuvuta. Aliyenionyesha ni huyu mzee wa Kimarekani, mtu ambaye ujana wake ulipita wakati kiwanda cha pinde cha Fred Bear kilikuwa bado Grayling, katika jimbo hili hili, kabla hakijahamishiwa Florida mwaka 1978. Alinunua mishale kwenu tangu nembo yenu ilipokuwa ile ya zamani. Mteja wa maisha yake yote, na nyinyi mkautupa mshale wake kwenye pipa! Nitaeleza habari ya pipa.

Kikaratasi chenu kinasema wapenzi wa upinde wa jadi wachache waliobaki wana "mapenzi ya kumbukumbu" na alumini. Kumbukumbu tunazo, na hatuzionei haya. Naukumbuka mlio wa mishale ile inapogusana mzee akiipanga mezani, naikumbuka rangi yake ikichomoza kwenye theluji ya kwanza. Lakini msitufanye wajinga. Tunaitaka kwa sababu inafanya kazi kwenye pinde zetu, na nyinyi mnalijua hilo, maana mliiuza kwa miaka mingi mkitueleza hivyo hivyo.

2018 ni kipenyo cha sehemu 20 kati ya 64 za inchi, na ukuta wenye unene wa sehemu 18 kati ya 1,000 za inchi. Kila inchi ya urefu ina uzito wa greni 12 na ushee, greni ikiwa kipimo kidogo cha uzito. Ukiukata kwa inchi 29, ukatia kigumba, noki na manyoya, mshale unafika greni 500, yaani gramu 32 hivi, bila kuongeza kitu kingine. Kuuvuta upinde wangu kunataka nguvu ya pauni 50, na wengi wetu tunafuata kipimo cha greni 10 kwa kila pauni ili mshale uingie vizuri na upinde usipige kelele. Kaboni mliyonitumia ni nyepesi. Niifikishe kwenye uzito huo lazima nijaze shaba mbele. Nikijaza mbele inalegea, inaruka huku mkia unayumba. Niikate basi, nipime tena, nipunguze shaba, nirudi nilikoanza. Mwenye upinde wa kapi hana taabu hiyo, kwa sababu upinde wake umekatwa katikati na mshale unapita wazi. Wangu haujakatwa hivyo. Mshale unatoka ukijipinda kuuzunguka upinde, kisha unanyooka hewani, na usipokuwa na ugumu unaofaa utakwenda kando. Kabla ya alumini watu walitumia mbao na kuchagua mshale mmoja mmoja. Tangu Doug Easton, ambaye hakuwa mtu wa kampuni yenu, aanze kutengeneza ya alumini kule California mwaka 1939, mtu akaweza kununua dazeni nzima na wa kwanza ukawa sawa na wa mwisho.

Na kuna jambo ambalo mhandisi wenu yeyote angewaambia kama mngemuuliza. Kigumba cha mshale wa alumini nakigundisha kwa gundi ya moto. Nikitaka makali yakae sawa na manyoya, napasha ncha kwa moto mdogo, gundi inalainika, nakizungusha kigumba taratibu mpaka kikae ninavyotaka, naacha ipoe. Kaboni ukiipasha hivyo umeiharibu. Kaboni ikipata ufa usioonekana, inaweza kupasuka unapoachia upote na vibanzi vikakuingia mkononi. Ndiyo sababu maelekezo yenu wenyewe yanatutaka tuikague na kuikunja kidogo kabla ya kila pigo. Alumini ikipinda kidogo, unaiweka juu ya magurudumu, unainyoosha, unaendelea nayo. Ila ukiikunja mpaka ukuta wake ubonyee ndani, imekwisha, hakuna fundi wa kuirudisha. Kijana wenu anaijua tofauti hiyo. Ndiyo kazi mliyomwajiri kuifanya. Akakunja mpaka ukuta ukabonyea.

Baadaye nilipiga simu. Baada ya kuwekewa muziki kwa muda mrefu, msimamizi wenu aliniambia kwamba kijana alikuwa "anatoa maelezo ya bidhaa kwa mteja".

Maelezo ya bidhaa! Basi nieleze tena yaliyotokea, maana naona hamkuelezwa sawasawa. Nilipompa mshale nilimwambia, kwa Kiingereza anachokielewa vizuri, aushike taratibu kwa sababu manyoya ni ya zamani na kwa sababu mwenyewe ameshafariki. Aliyasikia maneno hayo. Akagonga mshale kwenye kioo mara mbili, akauliza kama ni alumini. Nikasema ndiyo. Hapo akaitazama foleni kwanza. Mimi sikutazamwa. Aliitazama foleni kama mtu anayetaka wamwone, ndipo akaulaza ukingoni na kukandamiza. Haukukatika kwa kishindo, ulilia kidogo tu. Alipoona umekunjika aliushika kwa mikono miwili akataka kuunyoosha kwenye goti, akazidi kuubonyeza. Unyoya mmoja ukabanduka ukabaki kwenye kaunta. Kisha akautupa mshale kwenye pipa lililo chini ya kaunta, pamoja na karatasi za gundi na vikombe vya kahawa, akaninyooshea katalogi ya kaboni. Niliuomba mshale wangu. Akaniambia, "Wa nini tena?" Nikauomba mara ya pili, na hakuinama kunitolea. Mimi mwenyewe nilizunguka kaunta nikaingiza mkono pipani, mbele ya watu, binti yangu akinivuta koti akisema, "Baba, twende." Meneja wa zamu alikuwa amesimama karibu na rafu ya viatu. Aliona. Akageuka.

Niliondoka bila kupaza sauti, na nashukuru Mungu kwa hilo. Nimewinda na watu wa kila aina katika nchi hii, na hakuna aliyewahi kunifanyia hivyo msituni, ambako sote tuna silaha na hakuna kamera.

Na tangazo la kusitisha mlilitoa lini? Hata muuzaji wenu mwingine mjini, ambaye ana risiti za kununua kwenu, alijua baada yangu. Mngesema mapema tungenunua za miaka kumi mbele. Wapo wazee ambao wasingejali bei. Mlikaa kimya, mkaiacha picha ya mshale wa alumini kwenye tovuti, mkaendelea kupokea oda na kutuma kaboni. Mimi kitendo hicho nakiita ulaghai, na kama mna jina jingine niandikieni.

Nilipoanza barua hii nilitaka vitu viwili tu, pesa zangu na neno la kuomba radhi. Sasa havitoshi. Nataka pesa zote, pamoja na gharama ya kuwarudishia kaboni yenu, ambayo iko kwenye gari langu haijafunguliwa zaidi ya mara ile moja. Nataka dazeni moja ya 2018 zenye mkia uliochongoka, mzitafute ghalani, kwa mawakala, popote, na kama hamna kabisa mniandikie hivyo kwa saini ya mtu mwenye cheo. Nataka barua ya kuomba radhi iliyoandikwa na kijana yule mwenyewe na nyingine iliyoandikwa na meneja wa zamu aliyegeuka, zote mbili zikimtaja marehemu kama mwenye mshale. Na nataka mtangaze kwa wateja wenu wote ni aina zipi nyingine mnakusudia kuziondoa, angalau mwaka mmoja kabla, na ikiwezekana mtengeneze fungu moja la mwisho la 2018 ili kila anayetaka aweke akiba. Watu watalipa kabla. Mimi wa kwanza.

Msimu wa upinde unafunguliwa Michigan tarehe 1 Oktoba na nyinyi mnalijua hilo kuliko wote. Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Siku ya 15 benki yangu itazuia malipo na kuyadai yarudi, malalamiko yatafika kitengo cha kulinda wanunuzi katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, chini ya sheria ya Michigan ya mwaka 1976, na mengine yatafika Tume ya Biashara ya Shirikisho. Nakala ya Kiingereza mmeshatumiwa kwa posta ya rejista. Hii ya Kiswahili ni kwa wenzangu tunaolenga shabaha pamoja, Wakenya, Watanzania na Wakongo wa Lansing na Grand Rapids, ambao mpaka juzi walikuwa wananunua upote, glavu na vigumba kwenu. Wameshaiona picha ya mshale. Hawatanunua hata noki moja mpaka niwaambie mmejibu.

Mkitaka kuukagua mshale, njooni kwangu. Haurudi tena juu ya kaunta yenu.

Wenu,
Mteja (jina, anwani na sahihi viko kwenye nakala ya posta)

Nakala:
Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Jimbo, Lansing — itatumwa siku ya 15