Mkorosho sina, ndo nisishtaki?

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako. Mimi ni mstaafu nipo huku Newala, mkorosho hata mmoja sina na hilo ndo limeniponza. Msimu uliopita chama cha msingi cha kijijini kwetu, ule ushirika unaowauzia wakulima korosho, kiliwakata wakulima hela ambayo mpaka leo hawajaelezwa ni ya nini, nikasema mi naenda mahakamani, karani wa chama akaniuliza mbele za watu, "mzee, we umekatwa shingapi?" Sijakatwa. "Basi tulia."

Kuna kijana anasomea sheria nikamuuliza, akaniambia kwa deni la korosho karani hajakosea, hela ya fulani anaidai fulani. Wakulima wakiwa wengi wanaweza kuomba ruhusa ya mahakama wachache wakashtaki kwa niaba ya wenzao, ila hao wachache nao wawe wamekatwa. Sawa, hapo sibishi, maana kila mtu akiruhusiwa kushtaki chama asichokuwemo, kwa tunavyojuana huku tutakomoana mpaka basi.

Kinachonikera ni jambo likiwa la wote. Katiba ibara ya 26(2) inasema kila mtu ana haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha Katiba na sheria zinalindwa, kila mtu, sio kila aliyeumia. Jaji Lugakingira kwenye kesi ya Mchungaji Mtikila ya mwaka 1993 alilikubali hilo kabisa. Halafu 2020 Bunge likabadili sheria, likataka anayeenda Mahakama Kuu kudai haki za Katiba aambatanishe kiapo kinachoonyesha yeye mwenyewe ameathirika kiasi gani. Wenzetu Kenya katiba yao ya 2010 inamruhusu mtu kushtaki kwa maslahi ya umma, au kwa niaba ya yule asiyeweza kushtaki mwenyewe.

Sasa huku kwetu asiyeweza ni nani kama sio huyohuyo aliyekatwa? Mwezi wa kumi ukifika magunia yake anayapeleka ghala lilelile, mzani uleule, karani yuleyule, huyo atashtaki saa ngapi? Mimi nisiye na gunia ndo nisiyeogopa, na mimi ndo naambiwa hainihusu. Nimemwomba shemeji yangu atangulie yeye, nauli juu yangu na wakili tutachangia, kasema ngoja kwanza auze.

Mstaafu, Newala